Agua fresca si juisi iliyochakachuliwa

Siku ya kwanza nilipomkaribisha jirani yangu glasi ya tikiti maji niliyoitengeneza kwa mtindo wa Meksiko, alipiga mafunda mawili, akainyanyua glasi kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Mwenzangu, tikiti lilikuwa dogo?" Nilimwelewa. Kwetu juisi hupimwa kwa uzito. Ya parachichi isiposimamisha kijiko, ya embe isipoacha utando kwenye glasi, muuzaji ameshaitwa mchakachuaji kabla hajarudisha chenji. Ukiiendea agua fresca, ndicho kinywaji hicho cha Meksiko, na kipimo hicho, utaikosea tangu jikoni. Hapa chini nayajibu madai yanayosikika juu yake, moja baada ya jingine.

"Hii ni juisi iliyoongezwa maji"

Jina lenyewe limeshasema: agua ni maji. Watu wa Meksiko wana maneno matatu wasiyoyachanganya. Jugo ni juisi tupu iliyokamuliwa, kama ile ya machungwa ya asubuhi. Licuado ni tunda lililosagwa na maziwa, zito kiasi cha kuwa kifungua kinywa. Agua fresca ni maji yaliyochukua ladha na harufu ya tunda, ua, mbegu au nafaka, yakatiwa utamu kidogo. Maji hayakuongezwa ili tunda moja lienee watu wengi. Maji ndiyo kinywaji.

Sababu utaiona mezani. Kwenye fonda, vile vimgahawa vya chakula cha mchana, mlo wa bei moja unaoitwa comida corrida huanza na supu, ukaja wali au tambi, kisha chakula chenyewe, na pembeni kuna agua del día, maji ya siku hiyo. Kazi yake ni kushushia chakula chenye pilipili. Juisi nzito hapo ingekuwa mlo wa pili. Sokoni nako utakuta vitrolero, mitungi mikubwa ya kioo yenye tumbo pana na mdomo mpana (siku hizi mingi ni ya plastiki), imepangwa mstari mmoja: mwekundu uliokolea, mweupe, wa kahawia, wa kijani. Muuzaji anachota kwa upawa.

Na tukijikumbuka vizuri, watu wa pwani tulikuwa nayo. Maji ya ndimu. Maji ya ukwaju wakati wa futari. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ukwaju ni mwepesi. Agua de tamarindo ukiigeuza neno kwa neno ni maji ya ukwaju, basi. Kosa letu ni kupeleka sheria ya juisi ya parachichi mahali pasipoihitaji.

Kwa tikiti, mimi natumia kilo 1 ya nyama isiyo na ganda, lita 1 ya maji, ndimu 2, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Toa mbegu unazoziona. Saga tunda na nusu ya maji kwa sekunde 10 hadi 15, usizidishe: blenda ikinguruma dakika nzima utapata povu la waridi linalokalia juu kama la sabuni, na mbegu zilizojificha zitavunjika ziache uchungu. Chuja, mimina maji yaliyobaki, kamulia ndimu, ndipo uonje. Weka kwenye friji saa nzima. Ikitulia itajigawa, maji juu na nyuzi chini. Hiyo si dalili ya kuharibika, koroga tu.

"Ni kinywaji cha Waazteki"

Kuna ukweli ndani yake, ila ni mdogo. Chia ni mbegu ya huko kweli, na watu waliotawaliwa na Waazteki, wenyeji waliotawala Meksiko kabla ya Wahispania, waliitoa kama kodi. Mapera na mapapai nayo ni ya Amerika. Lakini dola ya Waazteki ilianguka mwaka 1521, na vingi vilivyomo kwenye ile mitungi viliingia baada ya hapo, kwa meli: miwa, mchele, ndimu, embe. Kati ya 1565 na 1815 merikebu za Wahispania zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Manila, Ufilipino, na Acapulco, Meksiko, na mpaka leo embe mojawapo linalopendwa sana Meksiko huitwa Manila.

Kinachonichekesha ni hiki. Tikiti maji asili yake Afrika. Ukwaju asili yake Afrika, japo jina lake la kitaalamu limetoka kwenye Kiarabu, tamr hindi, tende ya India. Lile ua jekundu wanaloliita jamaica nalo ni la Afrika. Mitungi mitatu maarufu, yote mizizi yake iko bara letu. Nasi huku tunajivunia papai, nanasi na stafeli kana kwamba vilichipuka Tanga au Malindi, wakati vilivuka bahari kutoka Amerika.

"Agua de jamaica inatoka Jamaica, tena inaongeza damu"

Hutamkwa "hamaika", na mmea ni rozela, ambayo wengine huiita choya. Misri na Sudan huiita karkade. Tunachokiloweka si petali. Ni vile vifuko vinene vyekundu vinavyobaki vimelikumbatia tunda baada ya ua kuanguka. Meksiko inalimwa zaidi jimbo la Guerrero.

Habari ya damu nimeisikia hadi kwenye foleni ya kliniki, akina mama wakielekezana. Wekundu ule ni rangi ya mimea iitwayo anthosayanini, iliyomo pia kwenye zambarau, wala haihusiani na damu. Mtu aliyepungukiwa damu anahitaji kupimwa na, akiandikiwa, vidonge vya madini ya chuma. Glasi haishiki nafasi hiyo. Kinachojulikana zaidi ni kwamba rozela inaweza kushusha presha kidogo, kwa hiyo anayemeza dawa za presha, na mjamzito pia, amuulize daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa jingine kabisa. Mara ya kwanza niliichemsha kwenye sufuria ya alumini, ile ya kila nyumba. Kinywaji kikatoka na ladha ya msumari, na sufuria ikang'aa kwa ndani kama imetoka dukani. Nilifurahia sufuria mpaka nilipofikiria kile kilichokwanguliwa kimekwenda wapi. Rozela na ukwaju ni vikali, vinaila alumini. Tumia sufuria ya stili au ya enameli, au usichemshe maua kabisa: weka kikombe 1 cha maua makavu kwenye bakuli la kioo, mimina lita 1 ya maji yaliyochemka, funika dakika 15, chuja, ongeza lita 1 ya maji baridi. Maua yaliyobaki usiyatupe. Meksiko hukaangwa na vitunguu yakaliwa ndani ya taco, chapati ndogo inayokunjwa, na yanatafunika vizuri.

"Limón ni limau"

Hapana, Meksiko limón ni ndimu. Kale kadogo ka kijani, chenye maji mengi na harufu kali. Hapa ndipo mapishi yaliyotafsiriwa haraka huharibika: mtu anakamua malimau makubwa ya njano kisha anashangaa mbona ladha haifanani. Ukiwa na ndimu za sokoni kwetu, uko karibu na Meksiko kuliko aliye Ulaya na limau lake.

"Horchata ni uji wa mchele"

Ndivyo nilivyodhani, nikaupika. Ukaganda kwenye jagi, nikaula kwa kijiko.

Horchata ya Meksiko haipiti motoni. Babu yake ni kinywaji cha Valencia, Hispania, kinachotengenezwa kwa vinundu vya mmea wa jamii ya ndago. Kilipovuka bahari, mchele ukachukua nafasi. Osha kikombe 1 cha mchele, uloweke usiku kucha kwenye vikombe 4 vya maji pamoja na kijiti cha mdalasini. Asubuhi saga vyote pamoja na maji yake, halafu uchuje. Hapa aliyekua pwani ana bahati, maana kazi ni ile ile ya tui: kitambaa safi, au kifumbu kama bado kipo nyumbani, kamua mpaka machicha yawe makavu mkononi. Onja kwa ulimi. Ukihisi mchanga, chuja tena. Ongeza vikombe 3 au 4 vya maji na sukari kiasi. Maziwa si lazima. Wapo wanaoyatia, wapo wasioyatia, na kila upande unaona mwingine umepotoka. Watu wa jimbo la Oaxaca wao huipamba kwa vipande vya tikiti tamu, tunda jekundu la mpungate na kokwa za jozi.

Wanga wake huzama, hivyo koroga kila unapomimina. Iweke baridi, na ikifika siku ya tatu mwaga.

"Chia na tukmaria ni kitu kimoja"

Zinafanana zikishavimba, basi. Tukmaria za kwenye faluda ni mbegu za mrihani, nyeusi tii, na huvimba ndani ya dakika chache. Chia ni za kijivu zenye madoadoa na zinataka dakika 20 hivi. Kwenye maji ya ndimu zote zinapendeza. Usimuuzie mtu moja kwa bei ya nyingine.

"Ni matunda, kwa hiyo kunywa utakavyo"

Hesabu fupi. Kikombe kimoja cha sukari ni kama gramu 200. Ukikitia kwenye jagi la lita 2, glasi 8, kila glasi imebeba gramu 25. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na zikishuka chini ya 5, yaani takriban gramu hizo 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Glasi moja imemaliza siku, na chai ya jioni bado. Wenyewe Meksiko wanalijua tatizo la vinywaji vitamu: tangu Januari 2014 wanatoza kodi maalumu, iliyoanza kwa peso 1 kwa lita. Inatozwa vya kiwandani. Jagi la nyumbani halina mkaguzi zaidi yako. Onja tunda kwanza. Embe lililoiva vizuri halitaki kitu, nanasi likitaka ni kijiko, ila ukwaju na rozela bila sukari haviendi, tusidanganyane.

Wanaouliza kama ina kilevi: agua fresca haina. Jihadhari na tepache, ambayo huuzwa karibu nayo na inafanana nayo kwa macho. Hiyo ni maganda ya nanasi na sukari guru, yameachwa siku mbili tatu yachachuke, na kilevi kidogo kimo.

"Barafu inaua vijidudu"

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ubaridi huvilaza vijidudu, hauviui. Barafu ikiyeyuka kwenye glasi vinaamka. Kipindupindu kilipoingia Meksiko mwaka 1991, maji na barafu za mitaani vilitazamwa kwa jicho jipya. Ndimu nayo haichukui kazi ya kuchemsha. Maji ya agua fresca ni yale ya kunywa, yaliyochemshwa au kutibiwa, na barafu itoke kwenye maji hayo hayo. Tikiti lioshwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Watu wengi tunaosha mikono na kulisahau ganda.

Barafu ina ubaya mwingine: ikiyeyuka inakipunguza makali kinywaji ambacho tayari ni chepesi. Mimi hugandisha agua fresca yenyewe kwenye vibati vya barafu, nikaitumia kupoza jagi linalofuata. Ya tikiti inayobaki naimimina kwenye vikombe vidogo na kijiti katikati. Meksiko wanaiita paleta de agua, na mji mdogo wa Tocumbo, jimbo la Michoacán, umejulikana nchi nzima kwa watengenezaji wake. Kwetu ni lambalamba. Watoto wa yule jirani hugonga mlango kuzifuata kila Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza tikiti lilikuwa na ukubwa gani.