Karoli Lwanga hakuwa padri

Kwa kuwa parokia na shule nyingi zina jina lake, wengi hudhani Mtakatifu Karoli Lwanga alikuwa padri au bruda. Sivyo. Alikuwa mlei, yaani muumini asiye padri wala mtawa, mtumishi katika ikulu ya Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda. Mapadri wazalendo wa kwanza wa Uganda walipata daraja mwaka 1913, miaka 27 baada ya kifo chake.

Kazi yake ilikuwa kusimamia vijana wahudumu wa ikulu. Mlei mwingine, Yosefu Mukasa Balikuddembe, ndiye aliyekuwa nguzo ya Wakatoliki pale, na aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Lwanga alikuwa bado mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa dini kabla ya kubatizwa. Siku hiyohiyo akaenda misheni kuomba ubatizo, kisha akachukua mzigo wa marehemu: kuwafundisha vijana dini, kuwatia moyo, na kuwakinga wasitumiwe na Kabaka kwa tamaa zake.

Dhana kwamba alikuwa padri huenda imechochewa na habari kwamba aliwabatiza wenzake. Ni kweli. Mei 1886 huko Munyonyo, hukumu ya kifo ikiwa imekaribia, aliwabatiza Kizito, kijana wa miaka kama 14, na wengine wachache. Lakini katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, na Lwanga alilijua hilo.

Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yake. Kumwita padri ni kuwanyang'anya walei mtu wao.