Mbwa, geti na wapita njia wa alfajiri

Kwenye mitaa ya Dar es Salaam yenye nyumba za uzio, kama Tabata, Kimara na Mbezi, mbwa wengi wa ulinzi huishi kwa ratiba moja. Mchana wanafungiwa bandani, usiku wanafunguliwa walinde kiwanja, asubuhi wanarudishwa. Ratiba hiyo ina tundu, nalo liko kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa moja asubuhi. Ndio muda ambao waumini wanakwenda msikitini, mama muuza vitumbua anatoka na beseni lake, wanafunzi wanawahi daladala, na wenye magari wanafungua geti ili watoke kabla ya foleni. Mbwa bado yuko nje, bado yuko kazini, na geti liko wazi.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nikisikia mgogoro wa mbwa na majirani, swali langu la kwanza halihusu ukali wa mbwa. Nauliza geti linafunguliwa saa ngapi, na mbwa anakuwa wapi wakati huo.

Mbwa hufundishwa ukali wa getini na mtaa wenyewe bila mtu kukusudia. Mpita njia anatokea, mbwa anabweka, mpita njia anaendelea na safari yake. Kwa hesabu ya mbwa, kubweka ndiko kulikomfukuza yule mtu, na kesho atabweka tena kwa sababu jana kulileta matokeo. Jambo hilo likijirudia kila siku, baada ya miezi michache anaanza kukimbia sambamba na uzio na kuruka getini. Siku akikuta upenyo, anatoka na kukimbiza. Watoto wanaogonga geti kwa fimbo wakipita wanaongeza kasi ya somo hilo, na mlinzi anayemchochea mbwa kwa kujifurahisha anafanya vivyo hivyo.

Dawa ya kwanza ni kuondoa kinachoonekana. Geti la nondo lenye nafasi humwonyesha mbwa kila mguu unaopita. Fundi wa kuchomelea akiziba kipande cha chini kwa bati bapa mpaka kimo cha mita 1.2 hivi, utaona kubweka kunapungua sana, kwa kuwa mbwa haoni tena kila anayepita. Pengo la chini ya geti lisizidi sentimita 5. Likizidi hapo pua inapita, na pua ikipita meno yamepita. Kama ardhi ni ya mchanga, mwaga kizingiti cha zege, la sivyo mvua moja ya masika itachimba pengo jipya. Uzio wa michongoma huonekana mnene juu huku chini una matundu. Weka wavu wa chuma na uuzike sentimita 30 ardhini. Wavu mwembamba wa kuku haufai, mbwa mzima huukunja kwa mguu.

Dawa ya pili ni kanuni moja ya nyumbani: geti kubwa halifunguliwi mpaka mbwa awe bandani. Wenye mbwa huniambia haiwezekani, mbwa anagoma kuingia. Anagoma kwa sababu banda kwake lina maana ya kufungiwa kutwa na tumbo tupu. Watu wengi hulisha jioni tu. Gawa chakula mara mbili, na fungu kubwa litolewe alfajiri, ndani ya banda, kwa ishara ile ile kila siku, iwe kugonga sahani au kupiga mluzi. Siku za mwanzo tupia dagaa wachache kuanzia mlangoni kuelekea ndani. Usimvute kwa kamba, na usimfokee akichelewa. Kwa kawaida wiki mbili zinatosha, naye atakuwa anakimbilia bandani akisikia sahani. Ile imani kwamba mbwa mwenye njaa hulinda vizuri naipinga kabisa. Mbwa mwenye njaa hupekua majalala ya jirani, na mwizi akimrushia kipande cha nyama amemmaliza.

Kubweka kwa usiku ni suala jingine, na kabla ya kulalamika au kumpiga mbwa inafaa kusikiliza anabweka namna gani. Milio mitatu minne ya haraka, kimya kidogo, kisha tena huku sauti ikihama kando ya uzio: hiyo ni tahadhari, kuna mtu au paka. Mlio mmoja mmoja, wa sauti ile ile, kwa vituo vinavyolingana, saa nzima bila kuhama: huyo kachoka na upweke, na mara nyingi amefungwa mnyororo. Kulia kwa sauti ndefu inayopanda na kushuka ni kuitikia sauti nyingine ndefu, kama king'ora, mbwa wa mtaa wa pili, au adhana. Wapo wanaosema mbwa anayelia wakati wa adhana ameona jini, na wapo wanaoona ni dharau ya mwenye mbwa. Ni sauti ndefu tu inayomwamsha hisia ya kuitana na wenzake, na ukimwingiza ndani dakika chache kabla ya adhana hupungua.

Wa tahadhari anafundishika. Mwache abweke mara tatu, nenda alipo, tamka neno moja, kwa mfano "basi", na mara tu anaponyamaza mpe dagaa. Akirudia, rudia. Fanya hivyo jioni, dakika kumi kumi, msaidizi akipita nje, kwanza mbali, mita 15 hivi, halafu akisogea siku hadi siku. Kosa linaloharibu zoezi hili ni mwenye mbwa kupiga kelele kutoka dirishani. Mbwa husikia bosi naye anabweka, anaongeza sauti.

Wa upweke haponi kwa mafunzo, anapona kwa kubadilishiwa maisha. Mnyororo wa mita moja na nusu kwenye mti ni chanzo cha kelele na pia cha kung'ata, kwa kuwa mbwa asiye na pa kukimbilia hujitetea kwa meno. Kama huna uwezo wa uzio, tandaza waya imara kati ya nguzo mbili, mita 8 hadi 10, mnyororo uteleze juu yake, na uweke kizuizi karibu na kila nguzo ili asijizungushie. Kiungo cha shingoni kiwe cha kuzunguka. Banda la bati juu na pembeni ni tanuri kuanzia saa tano asubuhi. Juu ya bati weka makuti au nyasi, acha upande mmoja wazi wenye nondo, na maji yawepo muda wote. Mbwa aliyeteswa na joto kutwa hulala mchana na kuchangamka usiku, nanyi majirani mnalipia. Matembezi ya nusu saa jioni, kwa kamba fupi, hupunguza kelele za usiku kuliko kifaa chochote ninachokijua.

Kuna kelele za msimu. Jike akiwa kwenye joto, jambo linalotokea takriban mara mbili kwa mwaka na kuchukua kama wiki tatu, madume wa mtaa mzima hukusanyika getini kwako, wanapigana na kukojolea kuta za jirani. Kumfunga jike kwa kamba nje hakuzuii kitu. Mfungie chumba chenye mlango, au mfunge kizazi moja kwa moja kuanzia umri wa miezi sita. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na watoto wasio na wenyewe ndio mbwa wa majalalani wa mwaka unaofuata.

Sasa kuhusu mate ya mbwa. Mwenye mbwa akisema "hana neno, anataka kucheza tu", huwa anazungumzia meno. Jirani Mwislamu aliyevaa kanzu safi kwenda kuswali anazungumzia najisi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa akimrukia mtu huyo saa kumi na moja alfajiri, hata kama hakumkwaruza, amemrudisha nyumbani na swala ya jamaa imempita. Fikihi yenyewe, yaani sheria ya ibada ya Kiislamu, haikatazi mbwa wa ulinzi, wa mifugo wala wa kuwinda, kwa hiyo jirani huyo mara nyingi hana ugomvi na mbwa wako. Ugomvi wake ni na kamba ambayo hukuifunga. Ukipishana na mtu na mbwa wako, fupisha kamba mpaka kichwa cha mbwa kiwe kwenye goti lako, hamia upande wa pili wa barabara, na usisubiri kuombwa.

Kinyesi nakipitia haraka, ingawa hatari yake ni halisi. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa mchangani na kukomaa baada ya wiki chache, na watoto ndio wanaochezea mchanga huo. Vile vipele vyekundu vinavyotambaa chini ya ngozi kama uzi, vinavyowapata watu wanaokaa kwenye mchanga wa ufukweni, ni vya viluwiluwi wa safura ya mbwa na paka. Okota kila siku kwa koleo dogo, fukia mbali na kisima na bustani ya mchicha, na mpe mbwa dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wafikishe wiki kumi na mbili.

Mpita njia naye ana lake la kufanya. Mbwa akikujia, simama. Kukimbia huamsha silika ya kukimbiza, na humshindi mbio. Geuka ubavu, usimkazie macho, mikono ishuke, halafu rudi nyuma polepole mpaka utoke kwenye eneo analolinda, ambalo kwa kawaida ni mita chache kutoka getini kwake. Ule ujanja wa kuinama kama unayeokota jiwe huwafukuza mbwa wazururaji wanaoujua. Kwa mbwa wa ulinzi aliye mlangoni kwake unaweza kumpandisha hasira, kwa hiyo mimi siushauri hapo. Ukiwa na baiskeli, shuka uiweke kati yako na yeye. Wa bodaboda apunguze mwendo, asimrushie teke, kwani teke ndilo linalopata jino. Ukiangushwa, jikunje, ziba masikio na shingo kwa mikono, nyamaza.

Akikung'ata, au akakulamba penye kidonda, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Hapa watu wengi hukosea: wanasuuza dakika moja, wanafunga kitambaa, wanaanza kumtafuta mwenye mbwa. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mswaki. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza siku hiyo, inayohesabiwa kuwa siku ya 0, kisha siku ya 3 na ya 7, na dozi zinazofuata kulingana na utaratibu wa hospitali. Jeraha lenye damu huhitaji pia kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka kidonda. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa asiuawe haraka kama anaweza kufungiwa salama: atazamwe siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile aliyong'ata. Matibabu ya mtu hayasubiri siku hizo ziishe, yanaanza, na daktari ataamua kama yasimamishwe.

Kabla ya kwenda kwa jirani, andika kwa wiki moja mbwa analia saa ngapi mpaka saa ngapi. "Mbwa wako anatusumbua" huleta ubishi. "Shikamoo mama, samahani kukusumbua. Nimekuja kuhusu mbwa. Kila siku analia kuanzia saa nane usiku hadi saa tisa na nusu, na ukuta wake umepakana na chumba cha watoto" huleta mazungumzo, na pengine kuhamisha banda mita kumi kunatosha. Nenda jioni, usiende saa nane hiyo hiyo ukiwa na hasira. Ikishindikana, mfuate mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, na umwombe afisa mifugo wa kata aje aone. Karatasi yako ya saa ndiyo itakayosikilizwa.

Usitege nyama yenye sumu. Sumu haichagui: inaua paka wa mtu, kunguru, na inaweza kumfikia mtoto anayeokota. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa aina hiyo. Kisha haifikii hata lengo, kwa sababu nafasi ya mbwa waliokufa hujazwa na wengine wasiochanjwa. Pemba imetuonyesha kinachofaa. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa kisiwani kwa kuchanja mbwa, kikarudi mwaka 2016 kwa virusi kutoka nje ya kisiwa wakati chanjo hazifanyiki, kisha chanjo zikakiondoa tena. Kinachotakiwa ni asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na mbwa wa ndani ya geti wanahesabiwa.

Kampeni nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi chanjo huwa bure. Mpeleke kila mbwa wa kuanzia miezi mitatu, na rudia kila mwaka. Aende amefungwa kamba, awe ameshikwa na mtu mzima anayemjua na si mtoto, maana foleni ya chanjo ndipo mbwa wageni wanapokutana ana kwa ana. Kadi anayopewa itolee nakala. Moja ikae kwa mlinzi getini, ili siku mpita njia aking'atwa nawe uko kazini, mlinzi awe na cha kuonyesha hospitali.