Maana ya matiko

Juzi jioni, katika karakana ndogo ya Mwanga mjini Kigoma, kijana anayejifunza ufundi alituonyesha kwenye simu video ya Mmarekani mmoja akitengeneza kwa mkono kipuri cha bunduki ya peintiboli, ule mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi, na kila mara kipande kilipogusishwa moto kijana wetu alitangaza, "Hapo anakitia matiko." Alitangaza hivyo mara tatu, na kati ya hizo ni moja tu iliyokuwa kweli.

Matiko ni ugumu ambao feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni, huupata inapopashwa moto mpaka ikawa nyekundu, kisha ikapozwa ghafla kwa maji au mafuta. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Nadhani kinachowapoteza watu ni kitenzi. Tunasema kutia matiko kama tunavyosema kutia chumvi, na anayetia chumvi huitoa kwenye kopo na kuiweka chunguni; kwa hiyo msikilizaji huamini kwamba ndoo ya maji ina kitu fulani kinachoingia ndani ya chuma. Maji hayatii chochote. Kinachofanya kazi ni kaboni ambayo tayari imo ndani ya feleji: katika joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, ambapo sumaku huwa imeshaacha kukishika kipande, kaboni hiyo huyeyukia ndani ya chuma, na kikipozwa ghafla hunaswa humo bila kupata nafasi ya kujitenga. Kule kunaswa ndiko matiko. Ndiyo maana tupa kuukuu, yenye kaboni ya karibu asilimia 1 au zaidi, hushika matiko vizuri, ilhali nondo ya kawaida ya ujenzi, ambayo kaboni yake ni kidogo sana, unaweza kuizamisha kutwa nzima ukaambulia mvuke. Nimewahi kuuziwa patasi ya nondo kwa maelezo kwamba "imetiwa matiko mara mbili". Iligonga tofali moja ikapinda mdomo.

Ajabu ni kwamba iko njia moja ambayo kitenzi kutia kingeifaa kweli, nayo ndiyo haiitwi hivyo mara nyingi. Chuma chenye kaboni kidogo hufungiwa ndani ya boksi la chuma pamoja na unga wa mkaa, kikaachwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi kwa saa kadhaa, na kaboni ya mkaa ikapenya kwenye ngozi yake kwa kina kisichozidi sana milimita moja. Hapo kitu kimetiwa, ingawa bado matiko hayajapatikana mpaka kipozwe ghafla.

Turudi kwenye video. Mara ya kwanza Mmarekani yule aliipasha tupa kuukuu ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu ipoe polepole. Huko ni kuondoa matiko, ili chuma kikubali msumeno na tupa nyingine. Ni kinyume kabisa cha alichotangaza kijana. Mara ya pili, kipuri kikiwa kimeshachongwa, alikipasha tena na kukizamisha kwenye mafuta, na hapo kijana alisema kweli. (Sisi hutumia mawese, ambayo Kigoma hayakosekani, ila yakiwa yameganda lazima yapashwe kidogo yawe mepesi, la sivyo hukizunguka chuma kama ugali na kukipoza kwa uvivu.) Mara ya tatu alikisugua kiking'ae, akakiweka kwenye joto dogo mpaka uso wake ukapata rangi ya majani makavu, yaani nyuzi 220 hadi 230 hivi. Huko ni kupunguza matiko, na hii ndiyo tofauti inayonikera zaidi inapofutwa.

Kipuri chenyewe kilikuwa kile kijino kinachoizuia nyundo ya bunduki isisukumwe na springi mpaka kifyatulio kivutwe. Ncha yake husuguana na nyundo kila unapofyatua. Ikikosa matiko, hulika na kuwa ya mviringo, na bunduki huanza kujifyatua yenyewe. Ikiwa na matiko yote iliyotoka nayo kwenye mafuta, ni ngumu lakini inavunjika kama kigae, na siku moja ncha hiyo hukatika. Kuipunguzia kidogo huifanya istahimili kugongwa huku ikibaki ngumu vya kutosha kustahimili kusuguliwa. Joto likizidi, rangi hupita kahawia na zambarau hadi buluu, na ugumu huendelea kushuka. Kisu cha jikoni kilichotumika kuchokorea makaa hadi kikawa na doa la buluu hakihitaji mtaalamu wa kueleza kwa nini kila siku kinanolewa.

Kwa hiyo, mwanangu, hukukosea kulijua neno, na wenzako wengi hata hilo hawalijui. Ila ukimpelekea fundi kijino cha namna ile, usimwambie tu akutilie matiko. Mwambie ni feleji ya aina gani, mwombe akitie matiko kwa mafuta, kisha ayapunguze mpaka rangi ya majani makavu.