Gari la maji la Stanley Meyer: nani hasa alilizima?

Hadithi yenyewe huijui? Mmarekani aliunda gari linalotumia maji badala ya petroli, matajiri wa mafuta wakamuua, uvumbuzi ukafichwa. Anayetajwa ni Stanley Meyer wa Ohio, aliyedai kigari chake kingetoka Los Angeles hadi New York kwa lita 83 tu za maji.

Kampuni za mafuta zina hila zao, sibishi. Ila Meyer aliangushwa na wawekezaji wake wawili waliomshtaki. Wataalamu walikikagua kifaa chake wakakuta ni kutenganisha maji kwa umeme kuwa gesi za hidrojeni na oksijeni, jambo linalofanywa hata kwenye maabara ya sekondari. Mwaka 1996 mahakama ikaamua ni ulaghai, ikamwamuru arudishe dola 25,000. Alifariki 1998 baada ya kuzidiwa ghafla mgahawani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha tatizo la mshipa wa damu ubongoni. Hataza zake, yaani hati za kulinda uvumbuzi wake? Muda wake umekwisha, ziko wazi, yeyote anaweza kuzisoma na kukiunda kifaa hicho.

Shida ni maji yenyewe. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Chota jivu kwenye jiko la mkaa, ulimwagie mafuta ya taa, uwashe: kitakachowaka ni mafuta, jivu litabaki jivu. Vivyo hivyo, kuitoa hidrojeni ndani ya maji hula nishati nyingi kuliko utakayoipata ukiichoma tena, kwa sababu sehemu ya nishati hiyo hupotea kama joto. Na umeme wa kazi hiyo unatoka kwenye betri, inayochajiwa na injini ile ile.