Uliza Sarafu ya Kirumi Imetoka Wapi

Wengi wanaoanza kukusanya sarafu za Kirumi huuliza bei kwanza. Sisi tunaozitunza makumbusho tunatamani waanze na swali jingine: ilifukuliwa wapi, na ilikuwa pamoja na nini?

Aprili 2010, karibu na mji wa Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza, mtu mmoja alikuwa akipita shambani na mashine ya kutafutia metali. Alichimba, akapata sarafu kadhaa, kisha akaona mdomo wa mtungi. Akaacha kuchimba, akafukia shimo na kuwaita wanaakiolojia. Laiti wote wangefanya hivyo! Mtungi ule ulikuwa na sarafu 52,503, kilo 160 hivi, nyingi za shaba yenye fedha kidogo, za karne ya 3.

Angezimwaga guniani, sarafu zingekuwa zilezile. Wanaakiolojia walizitoa tabaka kwa tabaka, wakakuta nyingi kati ya zile za mwisho kutengenezwa, za mtawala Carausius, zipo chini ya katikati ya mtungi, na juu yake zimelala za zamani. Mwenye kuweka akiba mwaka hadi mwaka, za karibuni humkalia juu. Basi hizi zilimiminwa kwa muda mfupi. Tena kuta za mtungi zilikuwa nyembamba, usingebebeka ukiwa umejaa. Lazima ulizikwa kwanza, ndipo ukajazwa. Ndiyo sababu baadhi ya wataalamu wanaona hapo sadaka kwa miungu, si mali ya tajiri aliyekimbia vita.

Carausius mwenyewe alikuwa kamanda wa majini wa Roma aliyeasi, akaitawala Britania, jimbo la Kirumi huko Uingereza, tangu mwaka 286 hadi Allectus, mtu wake wa karibu, alipomuua mwaka 293. Alitoa sarafu yenye vichwa vitatu, chake pamoja na vya makaisari Diocletian na Maximian, na maandishi: "Carausius na ndugu zake." Huyo Maximian alikuwa ameshaunda merikebu za kwenda kumpiga.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwombe muuzaji karatasi zinazoonyesha mahali, mwaka na waliowahi kuimiliki. Akikosa, iache, huenda imeporwa kwenye magofu. Usiisugue wala kuitia ndimu, maana ule utando wa kijani huikinga. Karatasi ikae pamoja na sarafu yake daima, ndani ya bahasha kavu. Vile vifuko laini vya plastiki ya PVC viepuke: huila shaba polepole.