Uhindu: dhana potofu na ukweli kuhusu ibada inayodhaniwa haijabadilika

Dhana: Wahindu wamesali mahekaluni mbele ya sanamu tangu zama za Veda.

Rigveda, ya kale zaidi kati ya Veda (maandiko matakatifu ya Wahindu) na mkusanyo wa nyimbo 1,028 zilizotungwa takriban kati ya 1500 na 1000 KK, haina ibada ya hekaluni. Ibada yake ni yajna: unawashwa moto mahali pa wazi, samli na nafaka zinatiwa humo, na shughuli ikiisha pahala panaachwa. Katika yajna kubwa ya agnicayana, madhabahu hupangwa kwa tabaka 5 za matofali zaidi ya 1,000, kwa umbo la ndege aliyetandaza mbawa.

Kilichoogopwa zaidi ni kukosea matamshi. Maandiko yenyewe yanasimulia kwamba Tvashtri, mungu fundi, alitaka apate mwana wa kumuua Indra, mfalme wa miungu. Akakosea kupandisha sauti katika neno moja tu, maana ikageuka, na mwanawe Vritra ndiye akauawa na Indra. Kwa hofu hiyo wanafunzi wa Veda hukariri kwa kuyasuka maneno: la 1 na la 2, la 2 na la 1, la 1 na la 2 tena; kisha la 2 na la 3, vivyo hivyo hadi mwisho. Neno likiruka, msuko unakatika na kosa linasikika papo hapo.

Puja, yaani ibada mbele ya sanamu, ya hekaluni ilienea baadaye, hasa katika milenia ya kwanza BK. Hekalu la mawe la Deogarh, kaskazini mwa India, ni la mnamo mwaka 500. Lile kubwa la Thanjavur, kusini mwa India, lilikamilika 1010. Puja kamili ina hatua 16, na mungu hupokewa kama mgeni wa heshima: anaitwa, anapewa kiti, maji ya miguu na ya mikono, anaogeshwa, anavishwa, anapakwa liwa, anapewa maua, ubani, taa, chakula. Moto wa yajna haukuzimwa, lakini. Hata leo bwana na bibi harusi huuzunguka.

Dhana: Sanamu ndiyo mungu mwenyewe.

Ikitoka kwa fundi ni jiwe au udongo tu, mpaka ifanyiwe pranapratishtha, yaani mungu aombwe akae ndani yake. Sanamu ya udongo ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, huagwa sikukuu ikiisha, ikazamishwa majini. Sikukuu hiyo kufanywa hadharani kwa umati tunaouona leo ni jambo la juzijuzi: Tilak, mwanasiasa aliyepinga utawala wa Waingereza, ndiye aliyeivumisha kule Pune, magharibi mwa India, kuanzia 1893.

Dhana: Shiva na Vishnu walikuwa wakuu tangu mwanzo.

Karibu robo ya nyimbo za Rigveda ni za Indra. Vishnu ana chache mno, na Shiva anaonekana kwa sura ya Rudra, mungu wa kuogopwa. Leo mahekalu ya Indra ni ya kutafuta kwa tochi.

Dhana: Kuna miungu milioni 330, basi.

Katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko la kale la falsafa, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni wangapi. Anaanza na 3,306, anashuka hadi 33, 6, 3, 2, mmoja na nusu, kisha mmoja.

Dhana: Mhindu hali nyama, na hakuwahi.

Maandiko ya Veda yanataja ng'ombe kati ya wanyama wa kafara. Kuacha kuua kulipata nguvu polepole, kukisukumwa pia na Wajaini na Wabudha. Na Wahindu wengi bado wanakula nyama: Kalighat, Kolkata, mbuzi huchinjwa katika eneo la hekalu la Kali, mungu wa kike, hadi leo.