Je, wajua? Kwa karne nyingi mipaka ililindwa ili watu wasitoke

Mtu akiulizwa kwa nini nchi huweka walinzi mpakani, hujibu bila kusita kwamba kazi yao ni kuzuia wageni wasiingie kiholela. Jibu hilo ni sahihi kwa leo, lakini umri wake ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa muda mrefu wa historia ya Ulaya na Asia ya Mashariki, mtawala alihangaishwa zaidi na raia wake aliyefunga mizigo kuliko mgeni aliyebisha hodi, na sheria kali kabisa zilimlenga yule anayeondoka.

Mifano haikosekani. Nchini Uingereza, Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme, iliruhusu watu kutoka na kurudi isipokuwa wakati wa vita, lakini kifungu hicho kiliachwa katika toleo la mwaka uliofuata, na mwaka 1381 sheria nyingine ikapiga marufuku kuondoka bila kibali cha mfalme, ikiwabakiza nje ya marufuku mabwana wakubwa, wafanyabiashara mashuhuri na askari wa mfalme tu. Japani, kwa amri ya 1635, iliweka adhabu ya kifo kwa Mjapani aliyekwenda ng'ambo kisha akarudi, na raia wa kawaida hawakuruhusiwa tena kusafiri hadi mwaka 1866. China ya nasaba ya Qing ilifuta rasmi marufuku yake mwaka 1893, wakati umati wa watu wake ulikuwa umekwisha kuvuka bahari bila kungoja ruhusa.

Kioja kikubwa zaidi ni cha Ufaransa. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta Amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti, akawaamuru wachungaji wao waondoke nchini ndani ya siku 15, na papo hapo akawakataza waumini wa kawaida kutoka. Mwanamume aliyenaswa akitoroka alihukumiwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Watu hao hawakutakiwa kwa imani yao, na bado hawakuruhusiwa kwenda zao. Takriban 200,000 walitoroka hata hivyo. Frederick William, mtawala wa Brandenburg huko Ujerumani, ambaye nchi yake ilikuwa imepoteza watu wengi katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), hakuchelewa: mwaka huohuo alitoa amri ya kuwakaribisha na kuwapa nafuu ya kodi.

Hesabu iliyokuwa vichwani mwa watawala hao ni ile ya mfugaji mwenye malisho mengi na mifugo michache. Mfugaji wa namna hiyo hujenga zizi kwa ajili ya wanyama wake mwenyewe, kwani kila ng'ombe anayepotea ni maziwa, ndama na mbolea vilivyopotea, na hasara hiyo huongezeka maradufu ng'ombe huyo akionekana kesho kwa jirani. Ng'ombe wa jirani akipenya na kuingia, hakuna anayepiga kelele. Uzio huohuo hubadilika kazi siku malisho yanapoanza kuonekana haba, au angalau siku mwenye zizi anapoaminishwa kwamba ni haba, jambo ambalo si lazima liwe sawa na la kwanza. Katika dola, maziwa na mbolea ni kodi, askari na ujuzi.

Ujuzi ndio uliolindwa kwa wivu mkubwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1718 ilimwadhibu yeyote aliyewashawishi mafundi wahamie nje, na fundi aliyekuwa ng'ambo akaonywa arudi, asiporudi ndani ya miezi sita, alipoteza mali yake na kuhesabiwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Samuel Slater, kijana wa Derbyshire aliyejifunzia kazi katika kiwanda cha kusokota pamba, aliijua hatari hiyo. Mwaka 1789, akiwa na umri wa miaka 21, alipanda meli ya New York akijifanya mfanyakazi wa shambani, bila mchoro wowote wa mashine, kwa kuwa michoro yote aliibeba kichwani. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata, mashine alizozijenga kwa kumbukumbu zilikuwa zikisokota uzi huko Pawtucket, Rhode Island.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wageni wa zamani walipokewa kwa mikono miwili. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, na Hispania ikafanya vivyo hivyo mwaka 1492. Maskini nao walizuiwa hata ndani ya nchi yao: sheria ya Uingereza ya 1662 iliipa parokia, yaani mtaa wa kanisa uliosimamia pia misaada kwa maskini, uwezo wa kumrudisha alikotoka mgeni aliyehofiwa kuwa mzigo. Chuki dhidi ya mgeni ni ya kale. Kilicho kipya ni kuigeuza kazi ya kila siku ya serikali kuu, yenye ofisi, fomu na mihuri.

Mgeuko wenyewe ulikuja haraka. Idadi ya watu Ulaya ilipopanda, watawala walianza kuwaona maskini wao kuwa ziada. Uingereza ilifuta marufuku ya mafundi mwaka 1824, na miaka kumi baadaye ikaziruhusu parokia kugharimia safari za maskini waliokubali kuhama. Mlango wa kutoka ulipofunguka na meli za mvuke zikarahisisha safari, nchi zilizopokea watu ndizo zilizoanza kufunga: Marekani iliwazuia vibarua wa Kichina kwa sheria ya 1882, na Australia ikaanzisha mwaka 1901 mtihani wa imla ya maneno 50 kwa anayetaka kuingia, katika lugha ya Ulaya ambayo ofisa mwenyewe ndiye aliyeichagua; aliyeshindwa alizuiwa.

Mtihani huo haukutungwa ili watu wafaulu. Mwaka 1934 ulitumiwa dhidi ya Egon Kisch, mwandishi wa habari kutoka Prague na mpinzani wa Hitler, aliyeruka kutoka melini hadi gatini mjini Melbourne baada ya kuzuiwa kushuka, akavunjika mguu. Kwa kuwa alijua lugha kadhaa za Ulaya, alisomewa imla kwa Kigaeli cha Uskoti, lugha ya watu wachache. Alishindwa, kama ilivyokusudiwa, lakini Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba Kigaeli hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Wazungumzaji wa Kigaeli hawakufurahishwa.

Pasipoti tunayoijua ilikuja kwa mlango wa nyuma. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimeacha kuidai kabla ya 1914; Vita vya Kwanza vya Dunia viliirudisha kama hatua ya muda, kisha mkutano wa Paris wa mwaka 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, ukaipa umbo moja la kijitabu cha kurasa 32.

Zizi la zamani halikutoweka lote, kwani Ukuta wa Berlin uliojengwa mwaka 1961 ulikusudiwa hasa kuwazuia watu wa Ujerumani Mashariki wasitoke. Sheria, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuchukua upande. Ibara ya 13 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inampa kila mtu haki ya kuondoka katika nchi yoyote, ikiwemo yake, na kurudi katika nchi yake. Ibara ya 14 inaongeza haki ya kutafuta hifadhi kwa anayekimbia mateso. Haki ya kuingia katika nchi isiyo yako haimo katika ibara yoyote kati ya zote 30.